Jua Liingialo Kaburini

Sisi wa mwambao tumezoea jua lisilokuwa na visa. Mjini Mombasa siku ndefu kuliko zote katika mwaka huizidi ile fupi kuliko zote kwa takriban nusu saa tu, na mtu aweza kumaliza umri wake hapa asitambue ni siku ipi iliyokuwa fupi. Wazee wetu walihesabu miongo tangu Nairuzi, wakaujua wakati wa kaskazi na wakati wa kusi kwa pepo na kwa nyota zaidi kuliko kwa urefu wa mchana. Kwa hivyo msomaji wetu mtukufu atatuwia radhi tukimtaka aifikirie nchi isiyofanana na yake hata kidogo. Katika kisiwa cha Ireland, kaskazini-magharibi mwa Ulaya, mwezi wa Disemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, likajikokota chini chini upande wa kusini, kisha likatua saa kumi na dakika chache jioni. Mchana wote ni saa saba na nusu. Mkulima wa zamani, asiyekuwa na taa ila moto wa kuni, aliliona jua hilo kila asubuhi likichomoza kusini zaidi ya jana, na mchana ukizidi kupungua kama akiba ya ghalani. Alikuwa na haki ya kujiuliza jambo hili litakomea wapi.

Linakomea tarehe 21 Disemba au karibu yake. Mahali pa kuchomozea jua husimama kwa siku kadhaa, kisha huanza kurudi kaskazini. Hata sisi tunaweza kuliona hilo tukikaa ufukweni baada ya swala ya alfajiri: anayeelekea mashariki huliona jua la Disemba likitokea kuumeni kwake na la Juni kushotoni. Lakini kwetu mwendo huo baina ya kikomo na kikomo ni nyuzi 47 tu, na Ireland unapita nyuzi 80. Kule jua huhama kweli kweli.

Watu walioishi chini ya jua hilo ndio waliojenga, katika bonde la mto Boyne mkoani Meath, kilima kiitwacho Newgrange. Kina upana wa mita 85 hivi na kimo cha mita 12 au 13, na kimefunika zaidi ya ekari moja ya ardhi. Kilijengwa takriban miaka 3200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), yaani kiliitangulia piramidi kubwa ya Giza kwa karne sita hivi, na kiliyatangulia pia yale mawe makubwa ya Stonehenge nchini Uingereza. Wajenzi wake walikuwa wakulima na wafugaji. Hawakuwa na chuma wala shaba, wala gurudumu, wala maandishi. Hata hivyo walikizungushia kilima chao mawe makubwa 97 yaliyolazwa ubavu kwa ubavu, na lile la mlangoni wakalichonga nakshi za kujiviringa kama gamba la konokono, kazi ambayo fundi wa milango wa Lamu angeisimamia akaitazama. Mawe meupe yang'aayo, yale ya kwatsi, waliyatoa milima ya Wicklow upande wa kusini. Mawe ya itale yaliyolainishwa na maji waliyaleta kutoka upande wa kaskazini.

Ukiingia, unapita ushoroba mwembamba wa mita 19, kuta zake zikiwa mawe yaliyosimamishwa wima, hadi ufike kwenye chumba chenye vidaka vitatu. Tunaviita vidaka kwa kuwa ndilo neno letu, ingawa hivi si vya kuwekea vyombo vya kauri kama vya nyumba zetu za kale. Ni vikubwa kiasi cha mtu kuingia, na ndani yake mna mabeseni ya jiwe. Humo mlikutwa mifupa ya watu wachache, mingine imechomwa na mingine haikuchomwa. Paa la chumba halina boriti. Mawe yamepangwa safu juu ya safu, kila safu ikitokeza ndani kidogo kuliko ya chini yake, mpaka yakakutana kimo cha mita sita. Mianya ya paa waliiziba kwa udongo uliochomwa na mchanga wa baharini, na udongo huo ndio uliowapa wataalamu mkaa wa kupimia umri wa jengo. Baada ya miaka elfu tano ya mvua za Ireland chumba kile hakivuji. Wajenzi wetu wa leo, wanaotumaliza kwa gharama za dari za zege, hatutawataja.

Kwa karne nyingi kilima kilidhaniwa kuwa kilima tu. Mwaka 1699 mwenye shamba, Charles Campbell, alitaka mawe ya kutengenezea njia, vibarua wake wakachimba, wakaangukia kwenye mdomo wa ushoroba. Mwanachuoni wa Wales, Edward Lhuyd, akapita, akaandika habari zake, na tangu hapo wageni wakawa wakiingia na kutoka. Lakini lililo kubwa kuliko yote hawakuliona, kwa sababu lilikuwa juu ya vichwa vyao.

Mwaka 1962 Profesa Michael J. O'Kelly wa chuo kikuu cha Cork alianza kuchimba na kulitengeneza jengo. Wenyeji wa pale walikuwa na maneno yao ya kale: kwamba ipo siku jua huingia mpaka ndani kabisa ya kaburi. O'Kelly aliyasikia, wala hakuyapa uzito. Alidhani watu wanachanganya na habari za Stonehenge, ambako mkusanyiko wa kulitazama jua la Juni ulikuwa mashuhuri. Naye hakukosa hoja: mlango wa Newgrange unaelekea kusini-mashariki, na jua la Juni halifiki huko. Kisha mwaka 1963 akafukua juu ya mlango, akakuta kitu kisicho na mfano katika makaburi aliyoyajua: kidirisha cha mawe kilichojengwa kwa makusudi juu ya paa la ushoroba, na juu yake jiwe lililonakshiwa. Kidirisha hicho kilikuwa kimefunikwa na udongo na mawe. Hapo akarejea kwenye maneno ya wenyeji na kuyapima upya. Ikiwa jua la Juni haliwezi, je, jua la Disemba?

Tarehe 21 Disemba 1967 kabla ya mapambazuko alikuwa ndani ya chumba, peke yake, gizani. Saa mbili na dakika 54 ukingo wa jua ulitokeza juu ya kilima cha mbele. Saa mbili na dakika 58 uzi mwembamba wa mwanga ulipenya kidirishani, ukapita ushoroba wote, ukakatiza sakafu ya chumba mpaka ukingo wa beseni la jiwe katika kidaka cha mwisho. Uzi ukatanuka ukawa mkanda wa upana wa sentimita 17, na mwanga uliorudi kutoka sakafuni ukatosha kumwonyesha vidaka vya pembeni na paa lililo juu. Saa tatu na dakika 9 mkanda ukaanza kupungua, na saa tatu na robo ukakatika. Dakika 17 kwa jumla. Alirudi tena miaka iliyofuata, na jua halikumkosesha ila kwa mawingu.

Wanafunzi wa elimu ya hadithi watakuwa wamekwisha kuona lililotuvutia hapa. Maneno ya wenyeji yalikuwa riwaya isiyo na sanadi. Hapakuwa na mtu aliye hai aliyeweza kusema "nimeona" au "nimemsikia aliyeona", maana kidirisha kilikuwa kimezikwa. Mwenye kuikataa riwaya kama hiyo hakutoka katika njia ya elimu. Lakini matini yake ilisadifu. O'Kelly alikuwa na ubora huu, kwamba alipopata ushahidi mpya hakuona haya kurudi kwa watu wasiokuwa na shahada yoyote na kukiri kwamba walilokuwa wakilisema lina asili.

Sasa natuingie katika hoja yenyewe, kwani siku hizi hapana kaburi la kale wala gofu ambalo halikudaiwa kuelekezwa kwenye jua, mwezi au nyota. Vijana hutuletea picha za video simuni kila mara. Sisi tuliosoma fiqhi tuna kanuni yetu: mwenye kudai ndiye mwenye kuleta bayyina. Na dai la namna hii linahitaji bayyina nzito kwa sababu moja ya hesabu ambayo wengi hawaifikiri. Kule Ireland jua huchomoza katika sehemu ya upeo inayozidi nyuzi 80, na hutua katika sehemu nyingine sawa na hiyo. Zijumlishe: ni karibu nusu ya duara zima la nyuzi 360. Maana yake ni kwamba ukijenga ushoroba ukaelekeza mlango wake popote bila ya kufikiri, karibu mara moja katika kila mara mbili jua litaingia humo siku fulani ya mwaka. Kuingia kwa jua kaburini, peke yake, hakuthibitishi chochote.

Basi Newgrange ina nini cha zaidi? Inacho kidirisha, na kidirisha kina kazi moja tu. Sakafu ya ushoroba inapanda taratibu kiasi kwamba sakafu ya chumba iko juu ya kizingiti cha mlango kwa mita mbili hivi. Mwanga unaoingia mlangoni, kwa kuwa mlango uko chini, huishia njiani ukapiga sakafu inayopanda. Kidirisha kimewekwa juu, kikalingana na usawa wa chumba, ili mwanga uende bapa mpaka mwisho. Fundi aliyetaka njia ya kuingilia angetosheka na mlango. Aliyejenga tundu la pili juu ya mlango, akaliinua kwa kipimo hicho, akalipamba jiwe lake, alikuwa anataka kitu ambacho mlango haukumpa.

Liko na jambo jingine, nalo kwetu sisi ndilo zito zaidi. Mlango wa kaburi ulikuwa ukifungwa kwa bamba la jiwe. Kidirisha nacho kilikuwa na vizibo viwili vya mawe meupe ya kwatsi, na kimoja kilikutwa mahali pake na alama za kukwaruzwa, dalili ya kwamba kilikuwa kikivutwa na kurudishwa mara nyingi. Mlango umefungwa, kidirisha kinafunguliwa. Kwa hivyo mwanga ule uliandaliwa uingie mahali ambapo walio hai walikuwa wamekwisha kutoka, uwafikie waliomo. Aliyepanda juu ya paa kukivuta kizibo alibaki nje kwenye baridi, wala hakuyaona yale yaliyokuwa yakipita ndani kwa dakika 17.

Tukishika mizani hiyo mkononi, makaburi mengine ya aina hii yanapimika kwa wepesi. Kule Wales, kisiwani Anglesey, lipo kaburi la Bryn Celli Ddu ambalo ushoroba wake hupokea jua linapochomoza siku ndefu kuliko zote, mwezi wa Juni. Norman Lockyer, mtaalamu wa elimu ya falaki aliyeasisi jarida la Nature mwaka 1869, alilisema hilo mwanzoni mwa karne iliyopita, wanaakiolojia wakamcheka. Ikachukua takriban miaka mia moja hadi Steve Burrow wa jumba la makumbusho la taifa la Wales alipokaa mle ndani asubuhi ya Juni akaliona jua lenyewe. Katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, kaburi la Maeshowe hupokea jua la machweo, si la macheo, kwa wiki kadhaa kabla na baada ya siku fupi kuliko zote. Maeshowe, kwa njia, ina kisa chake: katika karne ya 12 mabaharia wa Kinorwe waliingia humo, wakachora kutani maandishi yao takriban 30, mengi yakiwa ni ya kujisifu na kutaja majina, mfano wa yale ayaandikayo kijana wa leo kwenye ukuta wa gofu la Gedi. Hata hivyo maandishi yao hayakutaja jua. Kaburi lilikuwa limekwisha kuwa la watu wengine.

Na huko Antequera, kusini mwa Hispania, yako makaburi mawili jirani yanayotufaa sana kwa mfano. Viera linaelekea mashariki, mahali lichomozapo jua usiku na mchana vinapolingana. Lakini Menga, ambalo ndilo kubwa na mawe yake ndiyo ya kutisha, linaelekea kaskazini-mashariki nje kabisa ya mipaka ya jua. Hakuna siku jua linapochomoza upande huo. Mlango wake unalitazama jabali lililosimama peke yake uwandani, liitwalo Peña de los Enamorados, lenye umbo la uso wa mtu aliyelala chali. Waliojenga Menga walikuwa na kibla chao, na hakikuwa jua. Mtu aliyekwisha kuamua kabla ya kupima kwamba kila kaburi la kale ni la jua angepita hapo bila ya kuliona jabali.

Hatutaki msomaji adhani kwamba Newgrange yenyewe imesalimika na wenye shaka. Jengo tulionalo leo limetengenezwa upya kwa sehemu kubwa. Ukuta mweupe wa mbele uliosimamishwa na O'Kelly umegombaniwa tangu siku ulipokamilika, na sisi kwa maoni yetu twaona wagomvi wana haki. Ukuta umesimama wima mno kwa watu waliokuwa hawana chuma. Mwaka 2016 mwanaakiolojia mmoja alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba hata kidirisha ni kazi ya mafundi wa karne ya 20. Dai hilo halikukubaliwa na wengi, na inatosha kutaja kwamba jiwe lililonakshiwa la juu ya kidirisha lilikuwa likionekana na kuandikwa na wageni zamani kabla ya O'Kelly kuzaliwa. Lakini swali lilikuwa halali. Mawe ya ushoroba yalikuwa yameinama kwa uzito wa miaka, yakanyooshwa. Na anayenyoosha jiwe aweza kunyoosha na ushahidi. Ndiyo maana ilibidi vipimo vichukuliwe na watu wengine. Mwaka 1974 Jon Patrick alichapisha katika Nature vipimo vyake vilivyoonyesha kwamba jua limekuwa likiingia tangu siku za ujenzi. Mwaka 1989 Tom Ray akarudia hesabu kwa undani zaidi, akatoa jambo la ajabu.

Leo mwanga hauingii wakati jua linapochomoza. Unachelewa kwa dakika nne na nusu hivi, kama O'Kelly alivyoshuhudia kwa saa yake. Ray alionyesha kwamba zamani za ujenzi haukuchelewa. Uliingia jua likichomoza tu. Jengo halikusogea. Kilichosogea ni dunia.

Hapa ndipo ilimu ya mababu zetu katika dini inapokutana na kaburi lile. Mhimili wa dunia umeinama, na mwinamo huo ndio unaolipeleka jua kaskazini na kusini na kuleta majira. Batlamiyusi Myunani, aliyekuwa Iskandaria, aliutaja kuwa nyuzi 23 na dakika 51. Wanafalaki wa Kiislamu walipoupima hawakuipata namba yake: al-Battani alipata nyuzi 23 na dakika 35. Je, Myunani alikosea, au mwinamo wenyewe unapungua? Mwaka 384 Hijria, sawa na 994 Miladia, Abu Mahmud al-Khujandi alijenga mjini Rayy, karibu na Tehran ya leo, chombo kikubwa ajabu: tao la kipimo lenye nusu kipenyo cha mita 20 hivi, ndani ya jengo lenye giza, juu yake tundu dogo darini. Jua la adhuhuri liliingia kwa tundu hilo na kuangusha duara la mwanga juu ya tao, na al-Khujandi akasoma mahali lilipoangukia siku ya kikomo cha Juni na siku ya kikomo cha Disemba. Msomaji ameshaona: ni chumba cha giza, tundu moja, na mwanga wa siku fupi kuliko zote. Baina ya Newgrange na Rayy ni zaidi ya miaka elfu nne.

Alipata nyuzi 23, dakika 32 na sekunde 19, akahitimisha kwamba mwinamo unapungua zama baada ya zama. Al-Biruni, ambaye hakumpitishia mtu jambo kwa haya, alieleza kwamba tundu la chombo lilikuwa limezama kidogo, kiasi cha shibiri, kwa uzito wa jengo, na kipimo kikaharibika kwa hilo. Wote wawili walikuwa na sehemu ya haki. Chombo kilikuwa na kasoro, na mwinamo unapungua kweli. Wakati Newgrange inajengwa ulikuwa takriban nyuzi 24. Leo ni nyuzi 23 na dakika 26. Tofauti ya miaka yote hiyo inazidi kidogo tu upana wa duara la jua kama tulionavyo angani. Basi jua la leo, siku ya kikomo, huchomoza kaskazini kidogo ya lilipochomoza zamani, na kwa kuwa kule hupanda likiinamia kusini, hufika mbele ya kidirisha baada ya dakika zile nne na nusu. Ukizisoma vizuri dakika hizo utazikuta zimehifadhi umri wa kaburi. Aliyeghushi kidirisha katika karne ya 20 angelilinganisha jua na kidirisha sawasawa.

Tumebakiwa na suala la waliojenga walikuwa na itikadi gani, na hapa twaona kalamu nyingi zinateleza. Imeandikwa mara elfu kwamba walikuwa waabudu jua. Huenda. Lakini natujipime wenyewe. Mombasa na Makka ziko karibu kabisa katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hivyo kibla chetu ni kaskazini, pungufu ya uzi mmoja. Ndiyo maana siku zile mbili za mwaka jua linaposimama juu ya Al-Kaaba, mwishoni mwa Mei saa sita na dakika 18 na katikati ya Julai saa sita na dakika 27, kivuli cha fimbo iliyosimamishwa wima Mombasa hulala kusini moja kwa moja. Maiti wetu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kaskazini, kwa hivyo kichwa huwa mashariki na miguu magharibi. Makaburi ya mwambao huu, kwa maelfu, tangu magofu ya kale hadi lililochimbwa juzi, yamelala kwenye mstari wa macheo na machweo.

Chukulia basi kwamba baada ya miaka elfu tano maandishi yote yamepotea, na mchimbaji msomi anafika Gedi au Kikowani na kifaa chake cha kupimia. Atapima makaburi mia, atakuta yote yanakwenda mashariki na magharibi, kichwa upande wa jua linapochomoza. Atasema: makusudi. Na atakuwa amesema kweli, kwani kurudiwa kwa jambo mara mia ni bayyina. Kisha ataandika kwamba watu hawa waliliabudu jua, wakalaza vichwa vya wafu wao mahali linapozaliwa kila siku. Atakuwa ametuzulia jambo kubwa kuliko yote ambalo mtu aweza kutuzulia, na mkononi mwake hatakuwa na kosa la kipimo hata uzi mmoja.

Wafasiri wetu walikuwa waangalifu zaidi. Walipokuja kwenye aya ya Suratul Kahf inayoeleza jinsi jua lilivyopita kuumeni na kushotoni mwa pango la vijana waliolala, Ibn Kathir na wengine walitoa humo hukumu ya mwelekeo, kwamba mlango wa pango ulitazama kaskazini, wakakoma hapo. Hawakumtajia mtu pango liko mji gani kwa sababu ya kivuli tu.

Kwa watu wa bonde la Boyne, basi, yanayothibiti ni haya: waliijua siku ya kikomo, waliipima kwa miaka kabla ya kuweka jiwe la kwanza, kwani kikomo hakionekani kwa kutazama asubuhi moja, na waliona wafu wao wanastahiki taabu hiyo. Wengine hupenda kuiita Newgrange kalenda ya mkulima. Hilo hatulikubali. Mwanga huingia kwa siku kadhaa kabla na baada ya kikomo, na anayetaka tarehe hahitaji kurundika kilima kizima. Vijiti viwili uwandani vingemtosha. Wala hangeifungia tarehe yake ndani pamoja na maiti.

Mahali hapo pamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1993. Asubuhi za Disemba chumba hakichukui ila watu wachache, na wanaoomba kuingia ni maelfu, kwa hivyo hupigwa kura kila mwaka. Waliobahatika husafiri, baadhi yao kutoka nchi za mbali, husimama gizani bega kwa bega, na aghalabu hutoka bila ya kuona kitu kwa sababu ya mawingu. Miaka ya karibuni serikali ya Ireland imekuwa ikionyesha asubuhi hiyo moja kwa moja mtandaoni. Msomaji atakayependa kuitazama tarehe 21 Disemba akumbuke kwamba saa zetu ziko mbele kwa saa tatu: uzi wa kwanza wa mwanga utaingia saa tano na dakika 58, na utakatika saa sita na robo, dakika chache kabla ya adhana ya adhuhuri hapa Mombasa.